Chuo Kikuu Kisichoangusha Muntu

Jumatatu, tarehe 2 mwezi wa tisa

Kaptura za bluu tangu asubuhi. Kalasi zinafunguliwa, na wazazi wa Alunguli wamegundua leo, wote pamoja, kwamba watoto wao waliota miguu wakati wa likizo. Pedali ya cherehani imelegea. Nimeifunga kwa kipande cha mupira wa baisikeli. Joto. Vipele vimerudi shingoni, na utepe wa kupimia unavikwaruza kila nikigeuka. Fundi muzee, shingo ya kuku aliyenyonyolewa.

Jioni Mwajuma amerudi toka masomo, akakaa juu ya kaptura za watu bila kuuliza. Huyu njo binti yangu wa kwanza. Mwalimu wa kalasi ya sita, mujane, kichwa kigumu kama cha baba yake. Mukurugenzi wa masomo yao anaenda pumziko mwakani. Kiti kitakuwa wazi. Kila muntu anajua ni Mwajuma anayeendesha ile masomo wakati mukurugenzi anasinzia. Lakini wakubwa wa elimu wamesema: bila lisansi, digrii ya chuo kikuu, hakuna kiti. Kwa hiyo anatafuta chuo kikuu cha intaneti, asomee hapa hapa, jioni, bila kuacha kalasi yake.

Amebakiza viwili. Kimoja kina biro hapa Kasuku, ng'ambo ya muto, na muji muzima unakisifu. Kingine kiko inchi ya mbali, na hapa hakuna anayekijua. Leo hicho cha mbali kimemuandikia. Kinataka buletini zake, karatasi za matokeo, za miaka ya mwisho ya sekondari.

Miaka ya vita. Buletini! Nilicheka mpaka sindano ikakatika, kisha sikucheka tena. Paa la ile sekondari liliondoka na askari. Madawati yaligeuka kuni, yakapika sombe za watu. Na wao wanataka karatasi! Wangeuliza pia moshi ulielekea wapi. Nikamuambia: mama, achana na hao. Chuo gani kinaanza kwa matusi?

Alhamisi, tarehe 5

Nimevuka kwa mutumbwi wa mota kwenda Kasuku. Kununua uzi kwa Kambale, na kuona kile chuo kinachosifiwa kwa macho yangu. Kambale ni muntu wa Butembo, ana duka na depo karibu na soko. Anauza kila kitu isipokuwa huruma.

Biro ya chuo iko mulango wa pili toka kwake. Mujumbe wa chuo anaitwa Bwana Trésor. Kijana. Kravati nyekundu kwa joto hili. Kiti kinachozunguka. Ukutani picha ya jengo lenye nguzo, na majani yamekatwa vizuri kama kichwa cha mutoto siku ya Idi. Chini yake picha za watu wetu kabisa, wa muji huu wa Kindu, na kanzu nyeusi na kofia bapa, wamemwagiwa poda mpaka nyusi hazionekani.

Hapo moyo wangu ukakubali. Kwetu hakuna anayepima masomo kwa vitabu. Tunapima kwa poda. Matokeo yakitoka, aliyefaulu anamwagiwa poda kichwani, anazungushwa mitaani mweupe kama muzimu, wamama wanapiga vigelegele. Masomo yenye poda nyingi, njo masomo. Na mule ndani niliona poda kuliko kwenye matako ya watoto wote wa materniti.

"Papa muzazi," akaniambia, "kwetu hakuna kuanguka. Anayeingia anatoka na diplome."

Na buletini? Hapana, papa, sisi tunaamini muntu.

Nilimuomba nikae kidogo kwenye kile kiti. Akakubali. Nikazunguka mara nyingi kuliko heshima inavyoruhusu. Nyumbani nikamuambia muke wangu, Mama Mwajuma: tumepata. Hawa wanaamini muntu.

Jumapili, tarehe 8

Mwajuma amechagua cha Kasuku. Amekwisha kupata barua ya kupokelewa, ameionyesha walimu wenzake. Ili kulipa atauza shamba la mupunga la Kibombo, aliloachiwa na marehemu mume wake. Ile shamba njo inatuletea muchele kila mwaka. Na njo kitu pekee cha yule kijana kilichobaki juu ya ardhi.

Nimemuuliza binti yangu kwa nini lazima kile cha Kasuku. Ameniangalia kama mutoto aliyejikojolea. "Papa, hao hawakuniuliza habari za vita."

Nilielewa. Hata mimi, muntu wa primeri nusu.

Mwajuma alifanya mutihani wa Leta, wa serikali, wakati muji umefungwa. Mashamba hayaendeki, treni haiji, chumvi inauzwa kwa kijiko. Matokeo yalichelewa mpaka tukayasahau, kisha siku moja yakashuka na ndege. Amefaulu. Nikatafuta poda muji muzima. Poda gani, hata sabuni haikuwako. Nikaingia jikoni, nikachukua unga wa mihogo uliokuwa wa kula jioni, nikammwagia kichwani. Wote. Mama yake alipiga kelele kama ninaua muntu. Kisha akatandika mukeka chini ya mutoto, akaanza kumukung'uta nywele polepole, akachekecha alichokipata. Jioni tulikula ugali, bukari yenye nywele. Tamu.

Tangu hapo watu wanaita diplome za wakati ule "diplome za vita." Wanasema zilitolewa bure, kwa huruma. Wanasema mbele yake, na meno nje. Miaka yote hii. Binti yangu hajasahau hata jino moja.

Jumanne, tarehe 10

Mununuzi wa shamba amefika toka Kibombo. Amekunywa chai yetu, ameshika tumbo, amesema udongo wa pale umechoka. Mwongo. Mupunga wa pale unafika kiunoni. Atarudi na jibu nyuma ya wiki mbili. Nilitamani kumushonea suruali yenye mifuko iliyotoboka.

Nimerudi kwa Kambale, uzi haukutosha. Alikuwa kwenye furaha. Mutoto wa dada yake, pale Butembo, ameanguka mwaka wa kwanza wa udaktari. Nikasema pole. Akashangaa. "Pole ya nini, Muzee Amisi? Pale wanaangusha nusu ya kalasi! Si chuo cha mama yako." Na akawaambia wateja wote, kwa sauti, kama muntu aliyepata mujukuu.

Njia yote ya kurudi, sauti ya Bwana Trésor sikioni. Kwetu hakuna kuanguka. Ile alhamisi ilikuwa muziki. Leo inanuka kidogo.

Hata mimi, wanafunzi wangu wa ushonaji, nilimurudisha mumoja kwao. Alishona mukono wa shati kwenye shingo. Kama ningemuambia amefaulu, leo nusu ya Alunguli ingekuwa inatembea na mikono juu.

Ijumaa, tarehe 13

Nimetoka musikitini na wazo ambalo sikulipata musikitini.

Nimejaza fomu ya kile chuo cha Kasuku mimi mwenyewe. Kwenye telefoni ya Mama Mwajuma, yangu kioo kimevunjika. Nimeandika kweli tupu, Mungu anaona. Jina langu. Miaka yangu, ambayo hata mimi nilistuka. Masomo: nimeacha kalasi ya ine ya primeri, sababu mwalimu alinichapa na mimi nikamurudishia. Kazi: fundi cherehani. Mashine moja, pedali mbovu. Wakauliza niko na wafanyakazi wangapi chini yangu. Nikaandika: muke wangu, lakini yeye iko juu.

Walipouliza ninataka kusoma nini, kulikuwa na majina mengi. Nikachagua refu zaidi.

Mama Mwajuma ananiuliza ninacheka nini na simu yake. Nimemuambia ninaomba kazi. Amesema atafurahi sana nikipata, hasa kama iko mbali.

Jumamosi, tarehe 14

WAMENIPOKEA.

Jibu lilifika wakati sombe iko motoni na haijaiva. Nimelisoma mara ya kwanza, nikafikiri ni la muntu mwingine. Linasema: mpendwa Bwana Amisi, hongera. Baraza letu la maprofesa limechunguza kwa makini safari yako ya maisha. Uzoefu wako kama mukuu wa kampuni ya nguo unalingana na lisansi. Hakuna haja ya wewe kusoma lisansi. Unaingia moja kwa moja kwenye masta ya uongozi na mikakati.

Mukuu wa kampuni ya nguo! Na pedali imefungwa kwa mupira! Nikatoka uani, nikamuamuru Mama Mwajuma aniite profesa. Akaniita jina lingine. Tulicheka mpaka sombe ikashika chini ya sufuria. Niliisoma barua kwa sauti ya redio. Nilimuambia kuku mumoja kwamba nitamupa lisansi, uzoefu wake wa mayai unatosha.

Kisha Mama Mwajuma akaacha kucheka. Akasema tu, "Na ya mutoto?"

Nikatafuta barua ya Mwajuma kwenye ile simu, alimutumia mama yake siku ile. Nikaziweka pamoja. Mpendwa Bibi Mwajuma, hongera. Baraza letu la maprofesa limechunguza kwa makini safari yako ya maisha.

Neno kwa neno. Wamebadilisha jina na kazi tu.

Yeye aliyesoma kwa taa ya mafuta ya mawese, tumbo tupu, risasi upande wa kiwanja cha ndege. Yeye anayefundisha watoto sabini wakati mushahara unakuja unapotaka. Na mimi niliyemupiga mwalimu nikakimbia. Benchi moja!

Sikula. Hasira imekaa pale chakula kinapokaa.

Jumatatu, tarehe 16

Nimefanya nilichofanya.

Nimevuka asubuhi. Kwa Kambale nikanunua kopo la poda, lile kubwa, lenye picha ya mutoto muzungu anayecheka. Nikalifungua hapo hapo mbele ya duka, nikajimwagia nusu kichwani. Kambale akafikiri nimepata jua. Nikasema, "Kambale, nipigie vigelegele, nimepata masta." Hakuwa na vigelegele, ni muntu wa Butembo. Akapiga mulango wa duka kwa ngumi.

Sikuingia biro moja kwa moja. Nilizunguka soko kwanza. Mweupe mpaka kope. Wamama wa samaki: "Papa Amisi, umefaulu nini katika uzee huu?" Njo hivyo, mama, nimefaulu masta, bila kukanyaga kalasi, hata lisansi nimeiruka kama mutaro! Wenye moto, pikipiki za kukodi, wakapiga honi. Wakanifuata. Nilipofika mulango wa Bwana Trésor nilikuwa na watu kuliko padri na shehe wakichanganywa.

Nikamuambia, "Bwana rekteri, mwanafunzi wako amefika. Nipime kanzu. Au hapana, acha, nitashona mwenyewe, mimi ni mukuu wa kampuni."

Akasimama. Kravati imepinda. "Papa, tuingie ndani tuzungumuze."

"Ndani ya nini? Kwetu hakuna kuanguka!"

Watu wakaipokea kama wimbo. Kwetu hakuna kuanguka! Kwetu hakuna kuanguka! Nikasoma barua yangu yote, sauti ya redio, mpaka pale pa mukuu wa kampuni ya nguo. Muntu mumoja alikaa chini kwa kucheka. Bwana Trésor jasho linamushuka, akasema ni kosa la mashine, papa, mashine imekosea.

Na mimi, na mudomo huu. Nikamujibu: "Mashine? Na binti yangu Mwajuma, mwalimu, aliyepokelewa kwa barua hii hii, ni mashine gani ilimupokea?"

Watu wakacheka tena, zaidi. Nami nikacheka. Nilivuka muto kurudi na poda inanitiririka shingoni na jasho, vipele vimetulia, moyo mwepesi. Nilijiona mwanaume.

Mwajuma alikuwa amesimama gatini upande wetu. Habari ilivuka kabla yangu. Alitazama kichwa changu, akageuka, akaenda.

Jumatano, tarehe 18

Haongei na mimi. Chakula kinanifikia mukononi mwa mama yake. Sahani inatua mezani kwa nguvu ambayo si ya mama yake.

Jana aliingia kalasini akakuta watoto wa kalasi ya sita wamejipaka vumbi la chaki kichwani. Wote. Wamesimama wima, kimya, wakingoja acheke. Hakucheka. Alifundisha hesabu mpaka kengele, na wao weupe vile vile. Nimeambiwa na mama yake, usiku wala mchana hataniambia yeye.

Ninajitetea humu kwa sababu nje hakuna anayenisikiliza. Nilimufunua mwizi. Biro imefungwa tangu jana, picha ya nguzo imeshushwa. Watu waliokuwa wanajiandaa kulipa wamenishukuru, mumoja ameleta ndizi. Nilifanya vema. Nani mwingine katika muji huu angethubutu? Wenye kravati wote walipita pale kila siku wakasoma kibao cha ile biro.

Ndizi sikuzigusa.

Kaptura zimekwisha. Nimeshona vifungo mahali vilipo tayari.

Jumapili, tarehe 22

Mwajuma amekuja leo. Nilikuwa ninapaka mafuta cherehani. Hakukaa.

Nitaandika alivyosema, nisijidanganye baadaye.

"Papa, ningejua mwenyewe. Ungenionyesha ile barua yako mezani, mimi na wewe, ningeona. Mimi si mujinga."

Nikafungua mudomo. Akainua mukono, ule wa mwalimu.

"Wakati wa vita muji wote ulicheka diplome yangu. Wewe peke yako hukucheka. Ulinimwagia chakula chetu. Sasa umewapa tena sababu, na poda ya kweli, na wewe mbele ukiwaongoza."

Sikuwa na muzaha. Nilitafuta, Mungu anajua, huwa sikosi. Nikamuambia tu kile kilichokuwako: nilikasirika sababu walikuweka benchi moja na mimi. Wewe na mimi! Sikuweza kuvumilia. Nikakasirika mpaka nikakusahau wewe mwenyewe.

Akasema, "Benchi moja na wewe ningekufa kwa kelele." Akaondoka.

Haikuwa musamaha. Lakini iliniangalia usoni.

Nyuma yake Mama Mwajuma akasema, Baba Mwajuma, wewe ni muntu wa kupenda kwa makelele. Kisha akanipa ndizi moja, nyeusi tayari.

Alhamisi, tarehe 26

Kumbe siku zote hizi za kunyamaza Mwajuma alikuwa anafanya kazi.

Amekuja na simu na mambo yake yamepangwa. Amekwenda kuuliza kwa wakubwa wa elimu ya juu kama Leta inatambua diplome ya kile chuo cha mbali, kile kisichojulikana. Inatambua. Na ya Bwana Trésor? Yule bwana wa elimu ya juu alijaribu kutocheka, akashindwa. Halafu ametafuta watu waliosoma kile cha mbali. Amepata mumoja, mama muuguzi wa Bukavu. Wameongea kwenye simu. Yule mama aliangushwa mwaka wa kwanza. Akarudia, akamaliza, leo anaongoza wodi. Alimuambia Mwajuma: watakutesa, dada, na hawatakuambia pole.

Nikasema hicho njo chuo! Akaniambia nipunguze sauti.

Kisha akanisomea tena ile barua iliyotukasirisha, ya buletini. Safari hii mpaka chini. Mwisho kabisa, herufi ndogo kama mayai ya chawa, wanasema: kwa wale ambao karatasi zao zimepotea kwa sababu ya vita au maafa, mutihani unaweza kuchukua nafasi ya karatasi.

Tulikuwa hatujafika huko. Mimi na yeye. Hasira yetu ilisoma mistari ya juu ikafunga barua.

Hawakututukana. Walikuwa wamefikiria watu kama sisi, huko mbali, kabla hatujawaandikia. Na yule wa kravati aliyesema anaamini muntu hakutaka kujua hata kama muntu anajua kusoma. Ninakasirika upya nikiandika haya. Aliuona ule muwasho wetu wa zamani, akaukuna ili tuuze shamba tumulipe.

Mununuzi amerudi leo toka Kibombo. Mwajuma amemuambia shamba haliuzwi. Amekunywa chai tena, lakini mara hii tumemupa ile mbaya.

Jumanne, tarehe 1 mwezi wa kumi

Siku ya mutihani.

Alunguli, koneksio ya intaneti inakuja na kuondoka kama mume mubaya. Nilikwenda kwa Kambale, kichwa chini, kuomba. Ana jenereta, ana kile chombo cha paa kinachovuta intaneti toka juu. Nilitegemea atanipigia bei. Akasema, "Binti wa profesa anasoma bure," akacheka peke yake. Nimestahili.

Akamuweka ndani ya depo, kati ya magunia ya chumvi na mabati. Meza ni sanduku la sabuni. Ni lazima kamera imuone wakati wote, na asiingie muntu, wala asisemeshwe. Basi mimi nikakaa mulangoni, juu ya kigoda, na mita yangu ya kupimia shingoni, kazi yangu ya kwanza ya chuo kikuu: bawabu.

Sijawahi kufanya kazi ngumu hivi. Kila muntu wa Kasuku alitaka chumvi leo. Nikawaambia chumvi inalala. Mama mumoja wa samaki akauliza kama ndani iko maiti. Nikasema iko mutihani. Yeye, aliyecheka kuliko wote siku ile ya poda, akashusha sauti. Akashusha na beseni. "Wa Mwajuma? Mutihani wa kweli?" Wa kweli, mama. Wa kuanguka. Akasimama nami kidogo, akawafukuza watoto waliokuwa wanapiga mupira kwenye ukuta.

Jenereta ilikohoa mara moja. Kambale aliiambia maneno ya kwao. Ikaendelea.

Alitoka na gauni limeshika mugongoni kwa jasho, macho mekundu. Nikamuuliza, ilikuwaje? Akasema, "Ngumu."

Ijumaa, tarehe 11

Jibu limefika jana. Hawakusema mpendwa, hawakusema hongera. Amepokelewa, lakini si mwaka wa kwanza. Wamemuweka mwaka wa maandalizi. Kifaransa chake kizuri, wamesema, hesabu dhaifu, kuna mambo ya sekondari hakufundishwa. Kweli. Mwalimu wa hesabu alikimbilia musituni mwaka ule, na hakurudi.

Kwa hiyo mwaka muzima zaidi. Kiti cha mukurugenzi labda kitakaliwa na mwingine kwanza. Nilitaka kukasirika. Nilijaribu. Mwajuma akasema, "Papa, wameona penye tundu. Hakuna aliyewahi kupaangalia." Akasema kama muntu aliyepewa kitu.

Ada atalipa kidogo kidogo, kwa mupunga wa Kibombo. Chakula chetu cha mwaka huu kitakuwa mihogo zaidi. Tumekwisha kula mihogo yenye nywele, hii ni sikukuu.

Jioni hii ameanza. Amekaa upande wa pili wa meza yangu ya kukatia nguo, simu imeegemea kibweta cha vifungo, daftari jipya. Anasoma kwa sauti ndogo. Nimezima redio. Nimeacha cherehani, pedali inalia sana. Nimesikiliza kitu kirefu kuhusu x na y. Barua ya kile chuo kingine niliielewa yote, toka juu mpaka chini. Hapa sijapata hata neno moja. Nimekaa hapo, nimefurahi, ninatoa nyuzi kwenye kaptura ya muntu.

Kabla ya kwenda kwake akauliza, bila kunitazama, "Ile poda, ulimaliza?"

Imebaki nusu.

"Usiimalize."

Nimepanda juu ya kigoda, nimeiweka juu ya kabati, nyuma ya Korani. Mama Mwajuma anasema ni ujinga, miaka yote hiyo poda itaganda, na shingo yangu imejaa vipele, nijipake nilale.

Nimekataa. Inawasha. Wacha iwashe.